Dawa Kali ya Tumbo Lililotoboka

 

Nianze na ombi ambalo kila aliyewahi kuuguza mtu wodi ya upasuaji amelisikia, kama hakulitoa yeye mwenyewe. Daktari anamaliza kupita vitandani, ndugu wa mgonjwa anamfuata hadi koridoni, anamwambia kwa sauti ya chini: "Dokta, tuandikie dawa kali. Hata kama hapa haipo, tutaitafuta Mtwara." Mgonjwa mwenyewe amelala, tumbo limefungwa bandeji toka chembe ya moyo hadi chini ya kitovu, mrija unatoka puani, dripu inadondoka. Na huyo ndugu hatanii. Korosho zake hazijafika mnadani, lakini yuko tayari kuziuza kwa walanguzi wa kangomba, hasara juu ya hasara, ili sindano hiyo ipatikane.

Nauliza: hiyo dawa kali ipo?

Tuelewane kwanza ni ugonjwa gani. Sizungumzii tumbo la kuhara, wala chango, wala minyoo. Nazungumzia mtu mzima ambaye utumbo wake umetoboka au umeoza, na uchafu wa ndani umemwagikia mahali usipotakiwa kufika. Kidole tumbo kimepasuka. Vidonda vya tumbo vimekula ukuta hadi vikatoa tundu. Homa ya matumbo, hii tunayoiita taifodi, imetoboa utumbo mwembamba kule mwishoni, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu ya homa. Au ngiri imenyonga, damu haipiti, kipande cha utumbo kimekufa. Njia ni nyingi, lakini zote zinaishia kwenye usaha ndani ya tumbo, na huyo mtu anahitaji chumba cha upasuaji. Hapo ndipo antibaiotiki inapoingia, na hapo ndipo watu wanapoanza kuulizana ipi ni kali.

Watafiti nao wamelihangaikia swali hilo miaka mingi. Mwaka 2005 ulitoka uchambuzi wa Cochrane, ule mtandao wa kimataifa wa watu wanaokusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima kwa pamoja. Walikusanya tafiti 40 zenye wagonjwa watu wazima 5,094, na ndani yake mlikuwa na ulinganisho wa aina 16: dawa hii dhidi ya ile, mbili dhidi ya moja, za zamani dhidi ya zilizotoka kiwandani juzi. Ulikuwa mchuano hasa, na mwisho wake hakuna aliyevaa medali. Wagonjwa walipona kwa viwango vinavyokaribiana, dawa yoyote waliyopewa. Wachambuzi wakasema hawana dawa moja ya kuipendekeza juu ya nyingine. Daktari aangalie bei, upatikanaji, urahisi wa kuitoa, na mwongozo wa mahali alipo.

Sasa msikilizaji asiruke hapo akasema, basi hata zile kapsuli za rangi mbili za dukani zinatosha. Hapana. Dawa zilizoshindanishwa zilichaguliwa kwa akili. Karibu kila upande wa mashindano ulikuwa umejipanga kupiga makundi mawili ya bakteria kwa wakati mmoja, na asili ya mpango huo inavutia, naomba niisimulie.

Miaka ya 1970 watafiti Wamarekani walichukua panya wa maabara, wakawawekea tumboni vidonge vilivyojazwa uchafu wa utumbo mpana, kisha wakawagawa mafungu. Fungu ambalo halikupewa dawa, zaidi ya theluthi walikufa siku za mwanzo, na waliosalia wakaota majipu ndani ya tumbo. Fungu la pili likapewa jentamaisini peke yake. Karibu wote wakaishi, ila karibu wote wakabaki na majipu. La tatu likapewa klindamaisini peke yake, na hapa mambo yakageuka: majipu yakawa machache sana, lakini vifo vikabaki vilevile. Fungu la nne likapata zote mbili, na ndilo lililoepuka vifo na majipu pamoja.

Maana yake ni kwamba utumboni kuna bakteria wanaovuta hewa, akina E. koli, ambao wakiingia kwenye damu huua haraka, na kuna wale wanaoishi pasipo hewa, ambao hawana haraka, hukaa wakajenga jipu. Ukipiga kundi moja, la pili litakumalizia mgonjwa kwa namna yake. Ndiyo sababu karibu kila aliyepasuliwa tumbo la usaha hapa kwetu utamkuta na ile chupa ndogo ya metronidazoli, Flagyl tuliyoizoea. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo kabisa. Ilikuwa ya kutibu vimelea vya ukeni, hadi mwaka 1962 iliporipotiwa Uingereza kwamba mama mmoja aliyekuwa akiitumia alipona na ufizi wake uliokuwa umeoza. Ufizi na utumbo mpana vyote vina wakazi wasiopenda hewa. Nani angedhani meno yangewafundisha madaktari wa upasuaji.

Kwa hiyo mpango ukishakuwa na pande zote mbili, ukali hauongezeki kwa kuongeza bei. Kinachoamua kiko kwingine, nacho ni kisu.

Tazama usaha ulivyo. Antibaiotiki inasafiri kwa njia ya damu, na ndani ya dimbwi la usaha hakuna mshipa wa damu. Hata ile inayopenya kidogo inakuta mazingira mabaya. Jentamaisini, kwa mfano, inahitaji hewa ya oksijeni ili iingie ndani ya bakteria, na kwenye usaha oksijeni haipo na uchachu umezidi. Unaweza kumdunga mtu sindano za wiki nzima na dimbwi likabaki lilivyo. Na tundu bado liko wazi, linaendelea kumwaga. Kwa hiyo daktari anafungua katikati ya tumbo, anafyonza usaha kwa mashine, anatafuta tundu. Kama ni la vidonda vya tumbo, anavuta kipande cha lile shela la mafuta lililoning'inia juu ya utumbo, anakishonea juu ya tundu kikawa kiraka. Kisha anaosha. Lita baada ya lita za maji ya chumvi ya uvuguvugu zinamiminwa na kufyonzwa, mwanzo yanatoka ya kijani au ya kahawia yenye makombo ya chakula, baadaye yanapauka, hadi yatoke kama yalivyoingia. Hakuna sindano inayofanya kazi hiyo.

Sehemu hii ya nchi, huku Masasi, ina historia ya kutosha kuthibitisha hilo. Daktari Leader Stirling, Mwingereza, alifika kwetu mwaka 1935 na misheni ya UMCA, misheni hiyohiyo iliyotuachia shule ya Chidya, akafanya upasuaji miaka mingi Lulindi, baadaye akahamia Mnero, Nachingwea. Ni huyohuyo aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Mwaka aliofika ndio mwaka ambao Wajerumani walitangaza dawa ya kwanza ya jamii ya salfa, na penisilini haikuwa imemgusa mgonjwa hata mmoja kwa sindano. Kule Ndanda nako Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa Mbenediktini na daktari, alitibu katika miaka hiyohiyo. Silaha walizokuwa nazo ni kisu, maji yaliyochemshwa na mikono iliyosuguliwa. Sisemi turudi huko. Wengi walikufa ambao leo wangepona. Nasema kisu kilitangulia, dawa ikaja kukisaidia, na sisi tumepindua mpangilio.

Tumeupinduaje? Chukua mkulima wa miaka arobaini na kitu, anayemeza diklofenaki kila msimu wa kupalilia kwa sababu ya mgongo. Hajui kwamba dawa hiyo ndiyo inayomchimba kidonda tumboni. Usiku mmoja maumivu yanamchoma juu ya kitovu ghafla, hata saa anaikumbuka. Tumbo linakuwa gumu kama ubao, anaogopa hata kupumua kwa kina. Asubuhi mtoto anatumwa duka la dawa muhimu. Sina ugomvi na maduka hayo. Mpango wake ulianzia kwa jirani zetu Ruvuma mwaka 2003, nasi Mtwara ukatufikia mapema, na umewaokoa wengi wenye malaria na nimonia. Ila muuzaji anaambiwa "tumbo linamuuma baba", naye anatoa alichonacho: dawa ya maumivu, dawa ya gesi, na Flagyl.

Halafu linatokea jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri na sisi hatulijui. Saa kadhaa baada ya tundu kutokea, tumbo hutoa maji mengi yanayopooza tindikali iliyomwagikia humo, na maumivu yanapungua. Mzee anajiinua, anaomba uji. Familia inashukuru, dawa ya dukani imefanya kazi. Kumbe bakteria ndio wanaanza kuzaana. Kesho yake homa, kutapika, tumbo limevimba, haja haitoki wala hewa. Siku ya tatu ndipo anapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kuelekea hospitali ya Mkomaindo au Ndanda, na kila gurudumu likigonga shimo anapiga yowe. Hilo yowe nalo ni dalili, usilidharau. Waingereza waliwahi kufanya utafiti, wakawauliza wagonjwa wa kidole tumbo kama waliumia gari lilipopita juu ya tuta. Karibu wote walisema ndiyo. Kwetu swali hilo halina haja ya utafiti, barabara zenyewe ni kipimo.

Sasa takwimu za kwetu Tanzania. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, mwaka 2012 walichapisha habari za wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi. Walifariki asilimia 23, yaani zaidi ya mmoja kati ya watano. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameeleza wagonjwa 84 wa vidonda vya tumbo vilivyotoboka, akafariki takriban mmoja kati ya kumi. Walipochunguza kwa nini hao wa taifodi walikufa, orodha ilikuwa na mambo yale yale unayoyajua: kuchelewa kufika, kuchelewa kuingia chumba cha upasuaji, kufika presha ikiwa imeshashuka, kinga ya mwili iliyodhoofishwa na VVU. Na dawa ilikuwamo kwenye orodha, tena kwa upande wa mwanzo: wale waliotibiwa taifodi kwa dozi isiyotosha kabla utumbo haujatoboka. Hapo antibaiotiki sahihi, kwa siku zake zote, ingezuia tundu lenyewe. Na kwetu sisi wa nyanda za juu za Makonde, ambao maji yamekuwa tabu tangu enzi za babu zetu, ambao wakati mwingine tunanunua dumu bila kujua limetekwa wapi, taifodi ni mgeni tunayemjua kwa jina.

Dunia nzima picha ni hiyo. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa upasuaji wa dharura wa tumbo, wagonjwa zaidi ya 10,000 katika nchi 58. Ukilinganisha wagonjwa wa hali moja, uwezekano wa kufa katika nchi maskini ulikuwa takriban mara tatu ya nchi tajiri. Tofauti ya namna hiyo huwezi kuiziba kwa kubadili chupa ya sindano.

Kuna habari nyingine imeanza kusambaa kwenye simu, na naona nisiiache ipite. Kwamba kidole tumbo siku hizi kinatibiwa kwa dawa tu, bila kupasuliwa. Ina ukweli ndani yake. Finland walifanya utafiti wa watu wazima 530, ukatolewa mwaka 2015. Waliopewa antibaiotiki peke yake, zaidi ya robo walirudi kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja, na kufikia miaka mitano wakawa wamefika asilimia 39. Waliobaki hawakuhitaji kisu. Lakini hao wote walipigwa picha ya CT kwanza, ikahakikishwa kidole hakijapasuka, hakina jipu, hakina kijiwe cha kinyesi ndani. Walilazwa, wakaangaliwa, na chumba cha upasuaji kilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Ukiutoa utafiti huo Finland ukauleta kijijini bila CT na bila gari la wagonjwa, unakuwa kitu kingine kabisa.

Turudi wodini. Kama dawa zote zinakaribiana, hospitali zetu zichague ipi? Hapa nitasema ninavyoona mimi.

Kwa miaka mingi mpango ulikuwa wa dawa tatu: ampisilini, jentamaisini na metronidazoli. Ni rahisi kwa bei, na Bohari ya Dawa imezizoea. Tabu yake ni mbili. Ampisilini inadungwa kila saa sita, metronidazoli kila saa nane, na usiku nesi ni mmoja na vitanda vimejaa, wengine wako chini kwenye magodoro. Sindano ya saa nane usiku inaruka bila mtu kuandika. Ya pili ni jentamaisini, inayoweza kuumiza figo na masikio, na mgonjwa wetu anafika amekauka maji baada ya siku tatu za kutapika, figo zake ziko taabani tayari.

Ndipo seftriaksoni ikaingia na kutawala. Inatolewa mara moja kwa siku, na haina mashaka makubwa ya figo. Ukiiweka pamoja na metronidazoli, mpango umekamilika. Leo hizo mbili ndizo zinazoongoza kuandikwa wodini Tanzania. Lakini msikilizaji aangalie ilishinda kwa nini: ilishinda kwa saa za nesi. Na ushindi huo una gharama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liligawa antibaiotiki katika makundi matatu, na seftriaksoni ikawekwa kundi la zile za kuangaliwa kwa jicho kali, kwa kuwa inazalisha usugu upesi. Tunaidunga kwa kikohozi, tunaidunga kwa homa isiyojulikana, tunaidunga kwa U.T.I. iliyogunduliwa kwa kukisia, kisha siku tumbo linatoboka E. koli wameshaijua. Mimi ningeiruhusu kwa tumbo la usaha na kuinyima wengi wanaoipata sasa. Na hospitali inayoweza kuotesha usaha maabara na ifanye hivyo, angalau kwa wale wasiopata nafuu, tujue wakazi wa matumbo ya Masasi wanasikia dawa gani, badala ya kuazima majibu ya watu wa mbali.

Limebaki suala la siku. Zamani ilikuwa siku kumi, siku kumi na nne, hadi mgonjwa akome homa na ndugu wakome kununua. Mwaka 2015 madaktari wa Marekani na Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 518 ambao chanzo cha usaha kilikuwa kimeshughulikiwa vizuri. Nusu wakapewa dawa takriban siku nne. Nusu wakaendelea hadi siku mbili baada ya homa kuisha, wastani kama siku nane. Wakahesabu waliopata usaha wa kidonda, usaha kurudi tumboni, au kufa: asilimia 21.8 kwa siku nne, asilimia 22.3 kwa siku nane. Hakuna tofauti.

Kuokoa siku nne za seftriaksoni kwa familia ya Chidya ni jambo kubwa. Ni sindano, mabomba, dripu, na nauli ya anayeleta uji. Lakini nina tahadhari yangu. Karibu theluthi ya wagonjwa wale hawakupasuliwa, walitolewa usaha kwa sindano ndefu iliyoongozwa na picha, na wengi hawakuwa mahututi. Mgonjwa wetu wa siku ya tatu, wa taifodi yenye matundu mawili, sidhani angeingizwa kwenye hesabu ile. Kwa hiyo neno linalobeba mzigo kwenye utafiti huo ni "vizuri". Chanzo kikishughulikiwa vizuri, siku nne zinatosha. Daktari ndiye aliyeona ndani ya tumbo, na ni yeye wa kusema kama alitoka humo ameridhika.

Ndiyo maana maswali ya nesi anayekuja asubuhi yana uzito kuliko jina la dawa. "Mzee, umelalaje? Hewa imetoka?" Watu wazima wanaona haya kulijibu hilo mbele ya wakwe, lakini mzee akisema imetoka tangu alfajiri, wodi nzima inafurahi. Utumbo umeamka. Akianza kunywa, homa imeshuka, mapigo ya moyo yametulia, daktari akaandika sindano zisimame siku ya tano, ndugu usimfuate koridoni kumlaumu kwamba amekata dawa.

Na kama siku ya saba au ya nane homa ikarudi, tumbo likaanza kujaa, hamu ya kula ikapotea, usikimbilie kuomba sindano kali zaidi. Mara nyingi kuna mfuko wa usaha umejificha, chini ya kiwambo cha moyo au huko chini kwenye nyonga. Omba mgonjwa apigwe ultrasaundi. Mfuko ukionekana, utolewe, na kama hapo mlipo hakuna wa kuutoa, ombeni rufaa ya Ndanda au Mtwara siku hiyohiyo.